Namna ya kupima uchafu wa hewa mjini na kujua kama unaongezeka au unapungua

Kujua hewa ya leo ikoje, kifaa kimoja kinatosha. Kujua kama hewa ya mwaka huu ni mbaya kuliko ya miaka mitatu iliyopita ni kazi nyingine, na hapo ndipo mitandao mingi ya upimaji hukwama. Kifaa kimezeeka, kimehamishwa, kimepewa programu mpya. Grafu inashuka na hewa haijabadilika hata kidogo. Maelezo haya yanamlenga afisa mazingira wa halmashauri, chuo au kikundi kinachotaka kuendesha vituo kumi hadi thelathini katika mji wa Afrika Mashariki. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini Mombasa, Kampala au Bujumbura utabadilisha majina tu.

Pima nini kwanza

Anza na PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini. Ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na ndizo zinazotoka kwenye moshi wa dizeli, mkaa, kuni na taka zinazochomwa. Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake mwaka 2021: wastani wa mwaka mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo (µg/m³), na wa saa 24 mikrogramu 15. Vya mwaka 2005 vilikuwa 10 na 25. Kwa kuwa miji mingi iko mbali sana na 5, shirika hilo limeweka ngazi za kushukia: 35, 25, 15, kisha 10 kwa mwaka. Chagua ngazi iliyo mbele yako na uichore kwenye grafu pamoja na kiwango cha kisheria cha nchi yako. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, Kenya za 2014, na Rwanda ina sheria ya 2016. Ukienda mbele ya baraza la madiwani, mstari wa sheria ya nchi una nguvu kuliko wa shirika hilo la Geneva.

PM10, yaani chembe za hadi mikromita 10, ni muhimu penye barabara za vumbi, machimbo ya kokoto na viwanda vya saruji, ila usiipime kwa kihisi cha bei nafuu. Sababu iko chini. Kwa naitrojeni dioksidi (NO₂) ya magari, njia rahisi na ya kuaminika ni vile virija vya plastiki vyenye kemikali ya kunasa gesi: unavining'iniza vitatu vitatu kwenye nguzo, mita 2 hadi 3 kutoka chini, unaviacha wiki nne, unavifunga na kuvipeleka maabara pamoja na kimoja ambacho hakikufunguliwa kabisa, cha kulinganishia. Havikuambii saa mbaya ya siku, lakini kwa wastani wa mwaka vinatosha, na havihitaji umeme wala bando.

Kifaa cha rejea kinatangulia

Kosa la kwanza ni kununua vihisi hamsini vya bei nafuu na kuanza kuvitundika. Tenga kwanza fedha ya kituo kimoja cha rejea, yaani chenye kifaa sahihi cha kulinganishia vingine vyote, au ingia makubaliano na aliye nacho. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kifaa cha miale ya beta. Kinavuta lita 16.7 za hewa kwa dakika, kinazipitisha kwenye utepe wa nyuzi za kioo, kisha kinapima jinsi vumbi lililonaswa linavyopunguza miale. Kinatoa namba kila saa. Kinahitaji chumba chenye kiyoyozi, umeme usiokatika na mtu wa kupima mtiririko wa hewa kila mwezi. Mtiririko ukitoka nje ya lita 16.7 kwa zaidi ya asilimia 4 au 5, kichwa cha kuchuja hakikati tena kwenye mikromita 2.5, na unachopima si PM2.5 ingawa skrini inasema hivyo. Utepe ukiisha bila mtu kujua, umepoteza wiki.

Ya pili ni chujio na mizani. Chujio la teflon la milimita 47 linawekwa saa 24 kwenye pampu ya mtiririko huohuo, ambayo kwa siku inapitisha mita za ujazo 24 hivi. Hewa ikiwa na wastani wa 30 µg/m³, utakachokusanya ni mikrogramu 720, pungufu ya miligramu moja. Alama ya kidole kwenye chujio inatosha kuharibu hesabu. Ndiyo maana chujio hushikwa kwa kibanio, hupumzishwa saa 24 kwenye chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa kabla na baada ya kupimwa, na kila mara hupimwa chujio tupu lililosafiri njia ileile. Ni njia ya polepole, lakini kwa chuo chenye maabara ni nafuu zaidi, na chujio hilo linaweza kuchunguzwa baadaye kujua chembe zimetoka wapi.

Usijenge mtandao wako juu ya kifaa cha mtu mwingine pekee. Kwa miaka kadhaa balozi za Marekani, ukiwamo wa Kampala, zilikuwa na vifaa vya aina hii na data yake ilikuwa wazi kwa umma. Machi 2025 zikaacha kuitoa. Waliokuwa wakilinganisha vihisi vyao na data hiyo tu walibaki bila rula.

Vihisi vya bei nafuu na vinachokificha

Vihisi kama Plantower PMS5003, Sensirion SPS30 na Nova SDS011 vinafanya kazi kwa kanuni moja: feni inavuta hewa, leza inaimulika, na mwanga unaotawanywa na chembe unageuzwa kuwa namba. Hakuna kinachopimwa uzito. Kihisi kinakisia uzito kutokana na mwanga, kwa dhana ya kiwandani kuhusu chembe za kawaida zilivyo. Matatizo yote yanatoka hapo.

La kwanza ni unyevu. Ukipita kama asilimia 75 hadi 80, chembe za chumvi na moshi hunywa maji na kuvimba, nazo hutawanya mwanga mwingi zaidi. Pwani hali hiyo ni ya karibu kila usiku, kwa hiyo kihisi kitakuonyesha alfajiri chafu kuliko ilivyo. La pili ni vumbi. PMS5003 huona vizuri chembe ndogo sana, na zile kubwa za barabarani haizioni sawasawa. Namba ya PM10 inayoitoa imekisiwa kutokana na ndogo. Kwenye barabara ya vumbi ya Tandale kihisi kinaweza kukupa PM10 ya kupendeza huku nguo kwenye kamba zikigeuka nyekundu.

La tatu ndilo hatari kwa anayefuatilia mwelekeo: kihisi kinachakaa kuelekea chini. Vumbi linaganda kwenye njia ya hewa, feni inapungua kasi, leza inafifia. Leza ya SDS011 imekadiriwa kudumu saa 8,000. Ukiiacha iwake bila kupumzika, hazifiki miezi kumi na mmoja. Kihisi kinachofifia kinaonyesha hewa inayoboreka. Ripoti ya "mafanikio" inaweza kuandikwa juu ya feni iliyojaa vumbi.

Kujenga na kutundika

Kwa kila kituo weka vihisi viwili ndani ya boksi moja, kama wanavyofanya AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, wanaojitengenezea vifaa vyao Kampala. Wastani wa siku wa viwili hivyo ukitofautiana kwa zaidi ya mikrogramu 5 na zaidi ya asilimia 20, kimoja kinaumwa. Ukiwa na kimoja tu hutajua.

PMS5003 inataka volti 5 kwenye feni, lakini mawasiliano yake ni ya volti 3.3, fundi akiiunganisha moja kwa moja na bodi ya volti 5 ataiua. Inatuma pakiti ya baiti 32 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ipe angalau sekunde 30 baada ya kuiwasha kabla ya kuhesabu chochote. Kwenye pakiti kuna namba za aina mbili, za kiwandani (CF=1) na za hewa ya nje. Zinafanana hewa ikiwa safi na kuachana ikichafuka. Chagua aina moja, iandike kwenye daftari la mradi, usibadilishe kamwe. Ongeza kipima joto na unyevu ndani ya boksi. Kitasoma joto la juu kidogo kuliko nje kwa sababu ya vifaa vyenyewe, jambo lisilo na madhara mradi maboksi yote ni ya aina moja.

Umeme: kifaa chenye vihisi viwili na modemu kikitumia wastani wa wati 1.5, kwa siku ni wati-saa 36. Betri ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Basi una siku moja na kidogo bila jua. Paneli ya wati 20 inatosha siku za jua, lakini usiitegemee siku za mawingu mazito ya masika. Modemu ndogo za simu hunyonya hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua zinapotafuta mnara, na hapo kifaa huzima na kuwaka upya mara mia kwa siku. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na modemu, pamoja na waya mnene badala ya ule wa chaja ya simu, huondoa tatizo hilo. Weka pia memori kadi. Bando litaisha siku ya Ijumaa jioni, na data ya wikiendi itakuwa ndani ya kadi.

Mdomo wa hewa uelekee chini, uwe na wavu wa chuma wa tundu la milimita 1. Neti ya mbu inaziba kwa utando wa buibui na masizi ndani ya miezi miwili. Nyigu wanapenda mabomba haya. Kagua kila mwezi.

Mahali pa kutundika ndipo pa kubishania zaidi. Mdomo uwe mita 1.5 hadi 4 kutoka chini, hewa iweze kuufikia kutoka pande nyingi, usigusane na ukuta. Kituo cha barabara kiwe ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa lami na mita 25 au zaidi kutoka makutano makubwa, maana kwenye taa za makutano utapima daladala tatu zilizosimama mbele yako, si barabara. Kituo cha makazi kikae mbali na jiko la mama ntilie, banda la kuchoma nyama, jenereta na kichomea taka cha zahanati. Uliza majirani wanachoma taka wapi na siku gani. Watu huona haya kusema, kwa hiyo tembea nyuma ya nyumba utafute majivu. Shule ni mahali pazuri kwa usalama na umeme, ila jiko la shule liwe upande wa pili wa uwanja. Kisha piga picha pande nne. Miaka mitatu baadaye mtu atajenga gorofa, na hizo picha ndizo zitakazoeleza kwa nini namba zimebadilika.

Kulinganisha na rejea

Kabla ya kusambazwa, vifaa vyote vikae siku 7 pamoja mahali pamoja. Kitakachoachana na wenzake kirudishwe mezani. Kisha, vyote kama nafasi ipo, au angalau vitatu vya kila shehena, vikae kando ya kifaa cha rejea siku 30, midomo ikiwa kimo kimoja. Rudia msimu mwingine: ulinganisho wa kiangazi hauhamishiki kwenye masika.

Ukiwa na wastani wa saa wa pande zote, tafuta mlinganyo wa namna hii: kipimo halisi = a × kihisi + b × unyevu + c. Mlinganyo wa mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa vifaa vya PurpleAir ni 0.524 × kihisi − 0.0862 × unyevu + 5.75. Kihisi kikisoma 80 na unyevu ukiwa asilimia 80, jibu ni karibu 41, nusu ya kilichoonekana kwenye skrini. Usiunakili. Ulitengenezwa kwa chembe za Marekani. Kwenye barabara ya vumbi, ambako kihisi tayari kinasoma chini, kukata nusu tena ni kukosea mara mbili. Tafuta a, b na c zako. Kama kipimo cha ubora, mamlaka hiyohiyo hupendekeza kwa wastani wa saa 24 uwiano (r²) wa 0.70 au zaidi na mteremko kati ya 0.65 na 1.35.

Baada ya hapo vifaa viwili vibaki kwenye rejea siku zote kama mashahidi wa uchakavu. Cha tatu kiwe msafiri: mara mbili kwa mwaka kitembelee kila kituo siku 7. Kituo kikiachana na msafiri, badilisha kihisi. Hata kisipoachana, badilisha baada ya miaka miwili, na kipya kikae na cha zamani mwezi mzima kabla ya kung'oa. Bila mwezi huo hutaweza kuunganisha grafu mbili, na hapa ndipo bajeti hukatwa kwanza.

Saa, siku na namba zilizopotea

Seva nyingi huandika saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ya rejea. Siku ya UTC inaanza saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo "wastani wa Jumapili" una saa tatu za alfajiri ya Jumatatu ndani yake. Hifadhi kwa UTC, lakini kata siku kwa saa za mji wako. Na wanaojaza daftari la matengenezo kwa mkono waelewane: fundi akiandika "nimesafisha saa 2", karani ataingiza 02:00, wakati fundi alimaanisha 08:00. Andika daima kwa tarakimu nne na useme ni saa ya ukutani.

Usifute namba mbaya. Ongeza safu ya alama pembeni yake. Namba ileile saa sita mfululizo, sifuri kamili, 999.9 ya SDS011 iliyofika kikomo, vihisi viwili visivyopatana: kila moja iwe na alama yake. Wastani wa siku uhesabiwe ukiwa na saa 18 au zaidi kati ya 24. Wastani wa mwaka uhitaji robo tatu ya data katika kila robo mwaka. Kituo kilichozimika Juni hadi Agosti kimepoteza miezi mikavu na kitaonekana kisafi bila sababu.

Hifadhi mikrogramu, wala usitegemee faharasa ya ubora wa hewa inayoonyeshwa kwa rangi. Marekani ilibadilisha mipaka ya faharasa yake Mei 2024: rangi ya kijani iliyokuwa inaishia 12.0 sasa inaishia 9.0. Aliyehifadhi rangi tu ataona mji wake "umechafuka" mwezi huo.

Kusoma mwelekeo

Mvua inaosha hewa, kwa hiyo linganisha Juni na Juni, masika na masika. Njia imara isiyoyumbishwa na siku moja ya moto wa dampo ni hii: chukua wastani wa kila mwezi kwa miaka mitano, linganisha kila Januari na kila Januari nyingine, kila Februari na kila Februari, upate mabadiliko kwa mwaka ya kila jozi. Jozi ni 10 kwa kila mwezi, 120 kwa jumla. Zipange, chukua ya katikati. Hiyo ndiyo kasi ya mwelekeo. Programu ya bure ya R, kwa kifurushi cha openair, inaifanya na kukupa pia kiasi cha kutokuwa na uhakika. Kwa chini ya miaka mitatu, usitumie neno mwelekeo kwenye ripoti.

Ukitaka kupima matokeo ya hatua fulani, anza kabla yake. Mabasi ya Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro yalianza Mei 2016. Nani alikuwa akipima PM2.5 pale Magomeni mwaka mzima wa 2015? Kigali hufunga barabara kadhaa Jumapili mbili kwa mwezi. Jumapili hizo zilinganishwe na Jumapili nyingine, si na Jumatatu.

Setilaiti ya Sentinel-5P inasaidia kuona NO₂ ya mji mzima, lakini inapita mara moja kwa siku, kama saa saba u nusu mchana, na mawingu ya masika yanaifumba macho. Kilele cha asubuhi haikioni kamwe.

Kutoka namba hadi hatua

Chora wastani wa kila saa ya siku. Kwa kawaida utaona vilele viwili, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku. Bonde la mchana halimaanishi magari yamepungua. Jua limepasha ardhi na hewa inajichanganya hadi juu sana, moshi uleule umegawanywa kwenye nafasi kubwa. Usiku kimo hicho cha kujichanganya kinashuka, kama paa.

Kisha ongeza upepo. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hutoa taarifa za hali ya hewa za marubani kwa alama HTDA, zikiwa wazi kwa kila mtu na kwa saa za UTC. Mwelekeo wa 180 maana yake upepo unatoka kusini, kama mabaharia wanavyouita kusi kwa unakotoka. Gawa vipimo vyako kwa pande nane za upepo. Kituo kilicho kaskazini ya dampo la Pugu Kinyamwezi kikipanda kwa kusi na kutulia kwa kaskazi, una jambo la kuanzia. Kikipanda pande zote kwa saa zilezile, chanzo ni cha mtaa mzima: mkaa, barabara, taka za nyumbani. Thibitisha kwa miguu, siku tatu tofauti, saa ya kilele, ukiwa na kifaa cha mkononi na daftari.

Chanzo kimoja kinachojulikana, kama kiwanda au dampo, kinashughulikiwa kwa ukaguzi chini ya kanuni, na data yako ni sababu ya kuuomba tu; ushahidi wa kisheria ni kipimo cha rejea au cha bomba la moshi. Chanzo cha mtaa mzima kinadai ratiba ya kuzoa taka, lami au kumwagilia barabara, ukaguzi wa magari. Dizeli ya Afrika Mashariki imekuwa na kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, hivyo lori linalofuka moshi mweusi leo lina nozeli mbovu au injini iliyochoka, na hilo gereji inaliweza.

Tahadhari kwa wananchi itolewe kwa wastani wa saa kadhaa, si kwa namba ya dakika moja iliyopandishwa na mtu anayechoma majani chini ya nguzo. Iseme eneo, saa, na la kufanya: wenye pumu wawe na dawa karibu, mbio za shule zisogezwe kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 4, madirisha ya upande wa barabara yafungwe mpaka saa 3 usiku.